Kurasa Mia Tatu na Kumi na Saba za Triza Nasike

Ndugu, jamaa na majirani wa Kaloleni, pamoja nanyi mliotoka Tassia na Dandora, familia imemtuma Patrobas Wabwire, kaka mkubwa wa marehemu, asimame hapa mbele yenu awasomee maisha ya dada yake, na mama yao amempa ruhusa asimung'unye maneno.

Triza Nasike Wabwire alizaliwa tarehe 14 Machi 1984, hapa hapa Kaloleni, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Wabwire, aliyekuwa fundi wa reli, na Mama Everline Mideva, aliyeketi hapa mbele, naye Triza tangu utotoni alikuwa mtu wa kuuliza, ukimwambia jambo atataka kujua nani kasema na limeandikwa wapi, hadi mama akawa anamfukuza jikoni ili apike kwa amani. Alisoma shule ya msingi ya hapa mtaani kuanzia 1990 hadi 1997, kisha sekondari huko Bungoma hadi 2001, akapata shahada ya sheria mwaka 2007 na ya uzamili mwaka 2011, huku akifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili mjini.

Tarehe 8 Desemba 2012 alifunga ndoa na Ngui Musyoka, dereva, mwenyeji wa Mwala, wakahamia Tassia, na tarehe 3 Juni 2015 wakajaliwa binti yao wa pekee, Kasiva, ambaye ana maswali kama mama yake, Mungu amtunze.

Sasa tufike kwenye lililotuuma. Mwaka 2013 jirani yetu Mama Nabiswa alifiwa na mume, na hata matanga hayajaisha shemeji zake wakamtolea sufuria nje, wakaishika nyumba aliyopanga mumewe, naye akaja kwa Triza akilia, mwanasheria wa mtaa, amwambie haki yake ni ipi, na Triza akakosa jibu la kumpa. Aibu hiyo haikumtoka. Septemba 2014 alijiandikisha shahada ya uzamifu, ile ya udaktari wa sheria, achunguze mjane wa nyumba ya kupanga analindwa na nani, akazunguka mitaa ya Eastlands kwa miguu, mimba ikiwa kubwa na baadaye mtoto akiwa mgongoni, akawasikiliza wajane themanini na sita, na Triza akamwahidi kila mmoja kwamba maneno yake yatasomwa na wenye uwezo wa kubadilisha mambo.

Aliandika kurasa mia tatu na kumi na saba, akazifikisha kwa mkono wake mezani pa msimamizi wake, Profesa mmoja wa chuo, tarehe 18 Februari 2019. Kwa wasiojua mambo ya chuo, ni hivi: msimamizi asiposoma akatia sahihi, kazi haiendi kwa watahini, inakaa. Basi ikakaa. Mara Profesa yuko safarini, mara yuko likizo, mara nakala imepotea alete nyingine, akapeleka nakala nne, jamani, nne, na Profesa huyo huyo, ambaye jina lake tumeliacha makusudi, hakuona haya kumpa Triza mitihani ya wanafunzi wake amsahihishie, na Triza akasahihisha kila karatasi hadi mstari wa mwisho, kwa kuwa alisema mtu akiandika lazima asomwe.

Agosti 2022 madaktari walimpata na saratani ya matiti, akafanyiwa upasuaji, akaanza dawa, na hata nywele zilipomwisha alifunga kitambaa akaenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Profesa, akaambiwa arudi wiki ijayo. Miaka sita ya wiki ijayo! Alifariki tarehe 9 Mei 2025, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono, na swali lake la mwisho kwa Patrobas lilikuwa kama kuna simu yoyote kutoka chuoni.

Patrobas alipokwenda idarani kupeleka taarifa ya kifo, karani mmoja, Bi Mutheu, alilifungua faili, akaanza kulia, maana ndani mlikuwa na ripoti ya maendeleo, imetiwa sahihi na Profesa tarehe 12 Mei, siku tatu baada ya dada yetu kulazwa mochari, imeandikwa kwamba mwanafunzi amekutana na msimamizi wake mara nne mwaka huu na anaendelea vizuri. Wiki hiyo hiyo ikaja barua ya rambirambi, chuo kinapenda kumtunuku Triza cheo cha Daktari kwa heshima, na mama akauliza ni nani aliyesoma kazi yenyewe, akaambiwa hakuna bado, akasema basi wakae nacho, mtoto wake hajawahi kupewa alama bila mtihani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Tassia waliopika na kufua, mawakili aliofanya nao kazi, Bi Mutheu kwa ukweli wake, na ninyi wajane themanini na sita, ambao wengi wenu mmekuja na mmekaa pale nyuma, tunawaomba radhi kwa maneno yenu kutosomwa, haikuwa kosa la Triza.

Mkitazama programu mtaona Profesa amepangiwa dakika kumi za salamu za chuo, naye amekuja, tumemwona, ana shada la maua. Hatukuzifuta dakika zake. Ila mama amesema hotuba hatutaki, nakala ya tano iko hapa juu ya jeneza, Profesa atasimama, ataifungua ukurasa wa kwanza, atasoma kwa sauti watu wote wasikie, na dakika kumi zikiisha ataendelea, safari ya kwenda kumzika Mwala itasubiri.

Triza, lala salama, dada. Profesa, karibu mbele.