Sufuria ya Nyuma ya Mlango: Tukimuaga Mama Rodah wa Jiko la Simotwet

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 1997, Mama Rodah Chepkemboi anavua aproni yake baada ya miaka thelathini na mmoja katika jiko la gesti ya shamba letu la chai la Simotwet. Kamati ilitafuta mtu wa kuandika habari zake ikaona karani anajua Kiswahili lakini hajui chakula. Ndiyo kalamu ikanifikia mimi, Joab, dereva wa gesti. Shule niliachia darasa la sita, na mwalimu alifurahi kuliko mimi, lakini tumbo langu lina digrii. Nimekula Mombasa, nimekula Kampala, nimekula katika hoteli moja ya Nairobi ambayo sahani ni kubwa kama usukani na chakula ni kidogo kama nati. Kote huko sijaona mkono kama wa huyu mama.

Alikuja kutoka upande wa Kapkatet mwaka wa 1966, msichana wa kuosha vyombo. Mpishi wa wakati huo, Mzee Nyaberi, alimkataza kugusa kitu chochote isipokuwa vitunguu. Akakata vitunguu mpaka akajua mambo yao yote. Mzee alipostaafu, hakuna aliyeuliza nani atashika mwiko.

Mameneja saba wamepita mbele yake, kila mmoja na sheria zake. Mmoja alileta kengele ya mezani, aipige akihitaji kitu. Mama Rodah aliishukuru sana, akaichukua, akaitundika dirishani mwa jiko. Tangu siku hiyo anaipiga yeye chakula kikiwa tayari, na meneja ndiye anakuja mbio.

Kina mama wengi mmeniuliza siri zake. Kwa vile nimesimama kwenye mlango wa jiko lile kuliko mtu yeyote, nikingoja cha kuonja, nitawapa bure. Baridi yetu hii ya Kericho hugandisha mafuta ya mbuzi kabla mchungaji hajasema amina, kwa hivyo yeye hupanga sahani juu ya kifuniko cha sufuria ya wali, zipate joto. Nyama huiacha ikaukie maji yake yenyewe kabla haijaona mafuta. Unga wa chapati akishaukanda huufunika kwa kitambaa chenye unyevu na kuondoka, eti unga nao umechoka. Chakula kikishika chini, hakikorogi hata kidogo. Anahamisha cha juu kwenye sufuria nyingine, kile cha chini anakisamehe.

Na mgeni? Mgeni usimuulize kama atakula, maana hakuna mtu mwenye adabu atasema ndiyo. Mpe chai na kitu cha kushika mkononi, mambo mengine yatafuata. Lakini kabla hujawasha moto, tafuta mtu wao umuulize kwa sauti ya chini kile wasichokula. Hilo la mwisho nililisikia miaka mingi bila kulitilia maanani, mpaka siku ya wakwe wa Opondo.

Ilikuwa mwaka wa 1994. Opondo wa kiwandani na mkewe Syprose ni watu wa ziwani kama mimi. Binti yao Beverly alikuwa ametakiwa na Kimutai, kijana wa Longisa, na wazee wake walikuwa wanakuja. Kijana mwenyewe alikuwa tayari kabisa, lakini nyanyake, ambaye wote walimwita Kogo, hakutaka habari hiyo. Alisema msichana wa ziwani atamlisha mjukuu wake nini. Na katika boma lile, Kogo akikataa, hakuna mwingine wa kukubali. Beverly alikuwa hajalala vizuri wiki nzima.

Syprose akawapikia wageni kile ambacho kwetu huwekewa mtu mkubwa: aliya, nyama ya kukaushwa juani, ikapikwa polepole ndani ya krimu ya maziwa. Mama Rodah aliitwa kupika chapati tu. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akafunua sufuria, akairudishia kifuniko taratibu kama mtu aliyeona nyoka amelala.

"Syprose, hii nyama umepika na nini?"

"Na krimu, dada. Hii ni ya heshima."

Wasiojua niwaambie. Wazee wa Kipsigis wa zamani, kama hawa wa Longisa, hawaweki maziwa na nyama katika tumbo moja siku moja, sembuse sufuria moja. Na sebuleni Kogo alikuwa ameshafungua kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa aliyobeba kutoka kwake, na wageni wote wakanywa. Kwa hivyo hata jogoo aliyefungwa uani akingoja kisu hangesaidia. Kwa wazee wale, siku hiyo nyama ilikuwa imefunga ofisi.

Opondo aliposikia alishika kichwa. "Wakwe waondoke bila nyama? Kwangu? Heri nihame hii Kericho!"

Mama Rodah alikuwa anaangalia sufuria ndogo iliyofichwa nyuma ya mlango.

"Hiyo wacha, Mama Rodah," Syprose akasema kwa aibu. "Ni mboga ya watoto."

Ilikuwa saga, mboga ile chungu, imepikwa tangu jana na kulazwa na maziwa. Mama Rodah akaonja kwa ncha ya kidole. Halafu akasonga ugali wa wimbi, akaipakua ile mboga ya watoto kwenye sahani za moto, akaipeleka mezani mwenyewe. Nilidhani ataficha ile nyama. Wapi! Alisimama mbele ya wageni akasema, "Kogo, nyama iko, lakini imepikwa na maziwa. Si dharau. Huko kwao hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mama wa msichana hakujua, na mimi sitaki mje kuisikia kwa watu mkiwa njiani."

Beverly alikuwa nyuma ya pazia. Kogo akavuta sahani. Akala tonge la kwanza, la pili, akafuta mdomo.

"Nani amepika hii?"

Kila mtu alimwangalia Mama Rodah. Angesema ni yeye, nani angebisha? Lakini alirudi jikoni, akamshika Syprose mabegani, akamsukuma mbele.

"Umeongeza maziwa mara ngapi?" Kogo akauliza.

"Mara tatu, mama. Kwa moto mdogo."

"Mimi pia mara tatu. Wasichana wa kwetu siku hizi wanaweka mara moja, halafu wanakimbilia redio." Wazee wakacheka. Kogo hakucheka. "Na huyu Beverly, ni wewe umemfundisha?"

"Ni mimi."

"Basi," akasema, akaomba aongezwe mboga. Nyuma ya pazia mtu alianza kulia, na hakuwa na huzuni.

Jogoo alikabidhiwa Kogo akiwa hai, miguu imefungwa kamba, na heshima ya Opondo ikapona. Niliwarudisha Longisa kwa pikapu ya shamba, jogoo mapajani mwa Kogo, akiwika kila tukikata kona. Ile aliya niliimaliza jioni. Mtu lazima ajitolee.

Ndugu zangu, nimezunguka na nimeona wapishi wenye kofia ndefu kama bomba la kiwanda. Sijaona mwingine anayeingia katika jiko la mwenzake lenye shida, akapata dawa humo humo, halafu akarudi nyuma ili mwenye jiko asifiwe. Mpaka leo nikikumbuka nywele zinanisimama, na mnajua sina nyingi.

Beverly amekuja leo kutoka Longisa na mtoto wa kike. Alizaliwa jioni, kwa hivyo kwa mila ya babake anaitwa Chepkemboi, kama Mama Rodah mwenyewe. Sisi tunasema alingoja jioni kwa makusudi.

Mama Rodah, leo umekatazwa kuingia jikoni, na Opondo anasimama mlangoni kuhakikisha. Keti. Sahani yako ina joto. Tulibishana sana tukupikie nini, mpaka Syprose akatunyamazisha: ameshinda jikoni tangu jana, maziwa mara tatu, na sufuria ameiweka nyuma ya mlango. Asante kwa kutulisha, na kwa kutukalisha meza moja. Nenda salama Kapkatet, uishi miaka mingi yenye afya na moto usiokosa kuni, na boma lako lisiishe wageni. Wa kwanza atakuwa mimi. Usiniulize kama nitakula.