Dada Yetu Aliyesimama Mstarini Mpaka wa Mwisho Afike

Ndugu, jamaa, majirani, wanariadha wa zamani na wa sasa, nanyi nyote mliokuja kutushika mkono, mimi ni kitinda mimba wa nyumba aliyozaliwa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitajitahidi nisitie chumvi, maana yeye mwenyewe hakupenda mtu aongezewe hata hatua moja ambayo hakuikimbia.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, baba akiwa fundi wa reli na mama mshonaji wa sare za shule, akaanza darasa la kwanza mwaka 1959, na nilipoanza mimi mwaka 1964 akapewa kazi ya kunipeleka. Yeye alikuwa na mbio, mimi nilikuwa na miguu mizito na maswali mengi, basi alitangulia mpaka langoni, akasimama hapo na mkoba begani mpaka nifike, mara nyingine kengele imeshalia, tukaadhibiwa sote wawili, na mama alipomuuliza kwa nini asiingie tu darasani, alisema hawezi kukaa ilhali mwenzake bado yuko njiani.

Alimaliza sekondari mwaka 1970 na chuo cha ualimu mwaka 1973, akafundisha shule mbili za wasichana, kisha tarehe 3 Septemba 1979 akaajiriwa na chuo kikuu kuanzisha timu ya riadha, jambo lililowachekesha wengi, kwa sababu kiwanja alichokabidhiwa kilikuwa nusu maegesho ya magari ya wahadhiri, nusu kamba za kuanikia nguo za bwenini, na timu nzima ilikuwa vijana saba na tufe moja. Magari aliyaondoa kwa maneno matamu, nguo alizianua mwenyewe na kuzikunja vizuri hata wenyewe wakaona haya kulalamika, akachora njia za kukimbilia kwa chokaa, akaweka sheria moja tu, kwamba ukishavuka mstari hukai wala hulali chini, unatembeatembea na kusimama mpaka wa mwisho wenu afike, uwe bingwa usiwe bingwa. Wapo mabingwa waliomnunia kwa sheria hiyo, na leo wako hapa wakifuta macho.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1984 na seremala wa karakana ya chuo, aliyekuwa akitengeneza viunzi vya kuruka, na majirani wa wakati ule watakumbuka jinsi viunzi vilivyovunjika ovyo mwaka ule, vingine bila kurukwa na mtu, mpaka shemeji yetu akashtuka kwamba anaitwa kwa jambo lingine. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 1986 na mvulana mwaka 1989, nao wamekaa hapa mbele na baba yao.

Mwaka 1987 baraza la chuo lilitaka kukirudisha kiwanja kuwa maegesho, likasema timu itaendelea tu ikiwa katika mashindano ya vyuo ya mwaka ule itashiriki kila mbio na kuimaliza, ikiacha hata moja itavunjwa. Tarehe 11 Julai, asubuhi ya mashindano, mkimbiaji wetu wa mita elfu kumi aliamka na homa, akabaki mwanafunzi mmoja tu wa sheria, mrusha kisahani mwenye mwili wake, ambaye wenzake walimwita Posta kwa kuwa alichelewa kila mahali ila hakukosa kufika. Mvua ilinyesha, wenzake wakamzunguka mara mbili, wakamaliza, wakavaa makoti, waamuzi wakaanza kukunja meza, na mshika saa akataka kuandika kwamba Posta ameshindwa. Dada yetu, aliyeacha mtoto mdogo kwa shemeji na kazi ya miaka minane ikiwa miguuni mwa kijana yule, alimwambia mshika saa kwa heshima zote kwamba yeye anaweza kwenda nyumbani, ila saa aiache. Bwana yule aliona aibu, akabaki, na nyuma ya dada timu nzima ikasimama kwenye mvua, hakuna aliyekaa, mpaka Posta akatokea na kiatu kimoja, akavuka mstari. Chuo kilishika mkia siku ile, lakini mbio zote zilimalizwa, na kiwanja kikabaki.

Kutoka hapo timu ilipaa, ubingwa wa kwanza ulikuja mwaka 1994 na mwingine mara sita baadaye, uwanja wenye njia za kukimbilia za mpira laini ukafunguliwa mwaka 2003, naye akastaafu tarehe 30 Juni 2012, ingawa kustaafu kwake kulikuwa kuhamia upande wa pili wa uzio na kupiga kelele kutoka hapo.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa kwa subira ambayo sisi ndugu zake hatukuwa nayo, na siku za mwisho wanariadha wake walijaa ukumbini nje ya wodi, muuguzi akawaletea viti, wakashukuru na kubaki wamesimama, hata akadhani ni mgomo. Alituaga tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, nasi tumeumia, tena sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia na kutufagilia uwanja, uongozi wa chuo na wafanyakazi wenzake wa karakana na michezo, na hakimu mstaafu ambaye wengine bado tunamwita Posta, aliyefika leo kabla ya watu wote.

Neno langu la mwisho ni kwenu wanariadha mliopanga mstari kule nyuma tangu asubuhi, mkikataa viti ambavyo vijana wetu wamewaletea mara tatu. Nimeielewa sababu yenu, maana mimi ndiye wa kwanza aliyesubiriwa naye. Sasa yeye amefika. Kaeni, wanangu, nawe dada, weka mkoba chini, ukae, upumzike kwa amani.