Bi Ghazala na Ukurasa wa Neno Moja

Ifikapo tarehe 30 Juni, Bi Ghazala Suwaysi, muuguzi mkuu wa kituo chetu cha kusafisha damu, atavua koti jeupe alilolivaa kwa miaka thelathini na mmoja. Wahariri wa jarida hili la wafanyakazi wameniomba mimi, Rabii Gargum, fundi wa mashine, niandike wasifu wake, kwa kuwa katika waliobaki mimi ndiye niliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi. Mwenyewe aliniomba jambo moja tu: nisimfanye shujaa. Nitajitahidi, ingawa amenipa kazi ngumu.

Ni binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Suk al-Juma. Alisomea uuguzi hapahapa Tripoli, akaajiriwa wakati kituo kikiwa na mashine nne na birika moja la chai. Leo tuna kumbi mbili na wauguzi ambao karibu wote wamepita mikononi mwake. Ndiye aliyeanzisha utaratibu wa kupima maji ya mashine mara mbili kila asubuhi, na ndiye aliyepigania wagonjwa wa mbali wapewe zamu za mchana ili wasitoke nyumbani na giza. Asida yake, ule ugali mtamu wa siku ya Maulidi, inajulikana mpaka wizarani.

Kila mfanyakazi mpya aliambiwa mapema kwamba muuguzi mkuu ni mwoga. Hakulificha. Hakupanda lifti hata siku moja. Akishafunga bomba, alirudi kulitazama, kisha akanituma mimi nilitazame, kisha akaja kunitazama nikilitazama. Tulimcheka, naye alicheka pamoja nasi, halafu akarudi bombani.

Wagonjwa nao walikuwa na vituko vyao. Haji Miftah, fundi wa mabasi aliyestaafu, alipenda tende kuliko uhai wake, na mtu wa figo akila tende nyingi moyo unaweza kumsimama. Alizificha kila alipoweza. Bi Ghazala akawa anamsalimia kwa kumpapasa kichwani juu ya ile kofia yake nyekundu, na mara nyingi kofia ilisalimu amri, tende zikamwagika sakafuni mbele ya ukumbi mzima.

Kisha vita vikafika viunga vya kusini mwa jiji.

Asiyejua kazi yetu aelewe hivi: mgonjwa wetu hawezi kusubiri vita viishe. Akikosa kusafishwa damu siku chache, maji yanampanda kifuani na anazama akiwa kitandani kwake, mkavu. Kwa hiyo kila asubuhi watu wapatao tisini walikuwa na swali lilelile: kituo kiko wazi, na njia gani inapitika? Simu zilikuwa zikikata. Tulikuwa tukitangaza kwenye mtandao wa kijamii, mpaka mtu tusiyemjua alipofungua ukurasa mwingine kwa jina letu na nembo yetu, akaandika kwamba kituo kimepigwa na wote waende mahali pengine. Mahali alipopataja palikuwa mstari wa mbele wa mapigano. Wagonjwa wetu wawili walikwenda. Mmoja alirudi baada ya siku moja, hawezi kusema alichokiona. Mwingine hakurudi.

Mkurugenzi wetu, Daktari Imad Faituri, aliamua kwamba lazima tuwe na tovuti yetu wenyewe, isiyoigwa kirahisi, ambayo wagonjwa watapewa anwani yake mkononi. Mtaalamu wetu wa kompyuta alikuwa amehamia Tunis na familia yake. Hakuna aliyebaki aliyejua kuandika programu. Daktari alikuwa amesikia kwamba siku hizi yapo majukwaa ambayo mtu hujijengea tovuti kwa kubofya na kuburuta tu. Akampa kazi hiyo Bi Ghazala, kwa sababu neno lake ndilo wagonjwa walilokuwa wakiliamini.

Nilikuwapo alipoipokea. Uso ulimwisha damu. Alimwambia Daktari kwamba yeye hata mashine ya presha ikilia anaruka, itakuwaje ashike kitu kinachosomwa na watu tisini kwa wakati mmoja? Daktari akamjibu kwamba hao tisini wataendelea kusoma, na wasiposoma kwake watasoma kwa yule mwongo.

Alijaribu majukwaa matatu, akikaa kwenye chumba cha kusafishia maji ya mashine, ambacho hakina dirisha, kwa maana vioo vilikuwa vikitikisika kutwa. La kwanza lilikuwa zuri la kupendeza, lenye kurasa zilizokwisha kupambwa, picha kubwa kubwa na rangi za kila aina. Daktari Imad alilipenda palepale. Bi Ghazala akachukua simu ya zamani kuliko zote kituoni, akaenda pembe ya mwisho ya ukumbi ambako mtandao hufika kwa kusuasua, akaufungua ukurasa, akasimama akiusubiri. Picha zilikuja kipande kipande. Kisha akampa Haji Miftah, aliyekuwa kitandani amefungwa mirija, akamwomba atafute kama kituo kiko wazi. Hakumsaidia. Alikitazama tu kidole cha mzee kikitangatanga.

"Binti yangu," Haji alisema mwishowe, "hapa naona wasichana wanacheka. Mashine ziko wapi?"

La pili lilikuwa jepesi zaidi, lakini maandishi yetu ya Kiarabu yalivurugika, mstari ukaanza upande usio wake, na neno "si" likaruka mpaka mstari wa chini. Alipolisoma nilimwona akishika ukingo wa meza. "Njia si salama" ilikuwa imegeuka "Njia salama". Alilifunga jukwaa lile na hakuligusa tena.

La tatu halikuwa na uzuri wowote. Ukurasa wake ulifanana na daftari la darasa la kwanza. Lakini ulifunguka hata kwenye ile simu kuukuu, ulirekebishika kwa kidole gumba, ulionyesha wenyewe saa ya badiliko la mwisho, na watu kadhaa waliweza kupewa ufunguo wa kuubadilisha. Daktari alisema ni aibu kwa kituo cha hadhi yetu. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilimsikia Bi Ghazala akimpinga.

"Daktari, mtu mwenye hofu hasomi," alimwambia. "Anatafuta neno moja."

Basi likawa neno moja. Kwenye rangi ya kijani: NJOONI. Kwenye nyekundu: MSIJE. Chini yake jina la njia inayopitika, na si kingine. Haji Miftah alilipata mara moja.

Tulidhani shida imekwisha. Kwake yeye ndiyo ilikuwa inaanza. Siku ya kwanza ya kuchapisha, kidole chake kilisimama juu ya kitufe mpaka mwanga wa simu ukazimika. Aliniambia kwamba miaka yote alikuwa akimshika mkono mgonjwa mmoja mmoja, na sasa anamwita mtu atoke nyumbani kwake, apite chini ya makombora, naye hamwoni. Akajiwekea masharti. Hakuandika njia iko wazi mpaka asikie kwa mtu aliyeipita mwenyewe asubuhi ileile. Ufunguo wa pili alimpa mfamasia wetu Khairi, anayeishi Janzur, upande wa pili wa jiji, akamfundisha mpaka Khairi akamlalamikia kwamba sasa anaota vitufe. Yeye mwenyewe angeugusa kila nusu saa, na alimpa Khairi sharti moja: ukiona saa nzima imepita ukurasa haujaguswa, usiulize, weka nyekundu.

Jumanne moja aliweka kijani. Dereva wa gari letu la wagonjwa alikuwa ametoka kupita barabara ya pwani na kusema ni shwari. Wagonjwa wa zamu ya mchana walikuwa wanajiandaa kutoka. Kabla ya adhuhuri makombora yakaanza kuangukia barabara hiyohiyo, na mara umeme ukakatika, na mtandao nao ukafa. Jenereta liliwaka, mashine zikaendelea, lakini simu zote mikononi mwetu zilikuwa vipande vya kioo. Na huko nje ukurasa wetu bado ulisema NJOONI.

Sijawahi kumwona binadamu akiogopa vile. Hakupiga kelele. Alizunguka ukumbini akiinua simu juu, dirishani, ngazini, hadi juu ya paa, ambako tulimfuata kumshusha. Midomo ilimkauka ikawa myeupe. Alikuwa anataja majina ya wagonjwa wa zamu ile, jina na mtaa, jina na mtaa. Kisha akashuka, akatoka hadi langoni, akasimama barabarani na koti lake jeupe, mwanamke asiyethubutu kupanda lifti, na kila mlipuko ulimkunja mabega. Nilimvuta mkono arudi ndani. Akakataa kwa kichwa.

Gari moja tu lilikuja, kioo cha nyuma hakipo. Lilikuwa la Haji Miftah, akiendeshwa na mkwewe. Mkwewe ndiye aliyetuambia kwamba ukurasa umegeuka mwekundu: Khairi, huko Janzur, bila kusikia mlipuko wala habari yoyote, alikuwa ameiona saa imepita akaweka nyekundu. Wengine wote walikuwa wamegeuza au hawakutoka kabisa. Bi Ghazala alimshika mzee mashavu kwa mikono miwili, akamuuliza kwa ukali kama hakuiona.

"Niliiona, binti yangu," Haji alisema akihema. "Lakini kifua changu nacho kilikuwa kinaniambia nije. Nimtii nani?"

Nyekundu ilikaa siku ya pili pia. Siku ya tatu njia ilipofunguka, walimleta Ibtisam, mwalimu wa hesabu, wamembeba ndani ya blanketi. Uso ulikuwa umemvimba na midomo imekuwa ya buluu. Tulimwunganisha na mashine bila kungoja karatasi yoyote. Bi Ghazala hakuondoka kitandani pale. Jioni Ibtisam alipofumbua macho na kumtambua, alisema maneno ambayo hakuyakusudia kuwa lawama.

"Uliandika nisije. Sikuja."

Bi Ghazala aliingia chumba cha maji na kufunga mlango. Alipotoka aliomba simu. Mpaka siku ile alikuwa akiiogopa kijani peke yake. Sasa alikuwa amejua kwamba nyekundu nayo inaua, polepole, na kwa mtu mtiifu. Akiwa amesimama hapohapo aliongeza mstari chini ya MSIJE: ukibanwa na kifua, piga nambari hii ya simu ya mezani, tutakufuata. Kisha akaenda kuzungumza na madereva, na wiki zile zilizobaki za vita wagonjwa kumi na mmoja walifuatwa majumbani. Mara nne yeye mwenyewe alikuwa kwenye gari, amekaa mbele, amefumba macho njia nzima.

Kituo hakikufungwa hata siku moja. Hospitali nyingine mbili za jiji ziliomba kutengenezewa ukurasa kama ule, na Bi Ghazala aliwafundisha watu wao kwa mchana mmoja, akiwaonya wasiweke picha. Ibtisam anaendelea kuja zamu ya mchana na anasahihisha mitihani akiwa kwenye mashine. Haji Miftah alituacha mwaka juzi, kwa maradhi ya uzee, nyumbani kwake, na Bi Ghazala alikuwa wa kwanza kufika matangani.

Wiki iliyopita alinikabidhi ufunguo wa ukurasa. Njia ni shwari siku hizi, lakini bado tunaandika kila asubuhi. Nilipofika kwenye kitufe cha kuchapisha nilimwambia kwamba mkono unanitetemeka. Nilitarajia anipe moyo.

"Na wangu je? Tazama," alisema, akaunyosha mbele yangu, na kweli ulikuwa unatetemeka. "Siku usipotetemeka, mpe mwingine."

Bi Ghazala, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na kwa niaba ya wagonjwa waliofika na wale waliogeuza njiani, tunakushukuru. Umeogopa kwa ajili yetu miaka thelathini na mmoja. Nenda kapumzike Suk al-Juma, uzime simu, na usingizi ukuchukue mpaka jua lipande. Kuanzia Julai tutaogopa sisi.