Udongo Usio na Chokaa

Sogezeni vigoda karibu na kitanda changu, wanangu, na hivyo vyungu vipya vilivyoletwa jana viacheni palepale juani, kwa sababu leo mtanisikiliza huku mikono yenu ikifanya kazi. Nawajua tangu mkinyonya. Mkikaa bure huwa mnaitikia tu kwa kichwa, akili zenu zikipima vyumba vya nyumba hii ukuta kwa ukuta. Daktari ameniambia nisiongee sana, lakini yule hajui hata kufunga vifungo vya koti lake sawasawa, kwa hiyo nitaongea mpaka nichoke mwenyewe.

Wewe mkubwa, mheshimiwa wa benki, vua saa. Na wewe binti yangu, kunja mikono ya gauni, udongo hauumi mtu. Kazi yetu ni hizi erika, hivi vichaka vifupi vyenye majani kama sindano na vimaua vya zambarau, ambavyo majirani wamevicheka miaka yote kwa kuwa havizai hata pilipili. Maua yake yamekwisha kunyauka, basi huu ndio wakati wake wa kuhamishwa, na wakati wangu nao umefika, tutakwenda sambamba.

Anzeni na ule wa kwenye kopo la rangi. Usiuvute kwa majani kana kwamba unang'oa karoti. Laza kopo ubavu, gonga kitako chake kwa kiganja, kisha shika shina chini kabisa. Haya, umetoka. Mnaona mizizi ilivyojizungusha, myembamba kama nyuzi za cherehani, imezunguka kopo mpaka udongo wenyewe hauonekani? Mmea wa namna hiyo unakufa njaa huku umeshiba maji. Ichambueni kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu anayefumua mshono bila kuchana kitambaa. Nimewalisha na kuwasomesha kwa kufumua na kushona, na hakuna hata mmoja wenu anayeweza kurudisha kifungo cha shati lake.

Sasa sikilizeni mimea hii imetoka wapi, maana mlikuwa wadogo na mmekua mkiamini uongo wa watu wengine.

Baba yenu aliendesha greda kwenye barabara ya mlimani. Siku moja alirudi kifua wazi na baridi imemkausha midomo, sweta lake amelitumia kufungia kichaka kimoja chenye mizizi na udongo wake. Akaniambia, "Huko juu hakuna kitu kingine kilichokubali kuota, nikakukumbuka wewe." Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa, na hadi leo sijui. Nilikipanda kwenye sufuria iliyotoboka, na kila mwaka nilikata matawi machanga nikayaotesha, hadi uwanja huu wa nyuma ukajaa. Barabara ile ndiyo iliyomuua, greda lilipomwangukia, na kabla nguo zangu za msiba hazijapauka, baba yenu mdogo alikuwa ameshasimama hapo mlangoni akiupima uwanja kwa macho.

Mnamjua kwa jina lake la sokoni, Mzee Saruji, na mnalitamka kwa heshima. Mimi nitawaambia alivyo. Ni mtu ambaye hajawahi kuona nafasi wazi asiitamanie ghala. Aliniambia mjane hana haja ya uwanja, kwamba mifuko yake ya saruji ingelala hapa salama, na kwamba mimi ningepata heshima ya kuwa mlinzi wake. Nilimwambia uwanja huu baba yenu aliununua kabla hajanioa na akauandika kwa jina langu tulipooana, na kama anataka mlinzi akafuge mbwa. Akacheka. Wanaume wa aina ile wakikataliwa hucheka kwanza.

Nyuma kidogo na udongo huo, binti. Usiufukie mmea shingoni. Usawa uleule uliokuwa nao kwenye kopo ndio usawa utakaokuwa nao chunguni. Ukiuzika zaidi shina linaoza, ukiuacha juu mizizi inakauka. Na hicho chungu ulichokishika ni kikubwa mno. Unataka kikizidi cha zamani kwa upana wa kidole tu. Mlivyo nyinyi, kila kitu mnakitaka kikubwa.

Basi, wewe binti ukaugua kifua, nikalala nawe hospitali. Huku nyuma baba yenu mdogo akaja na ukarimu. Alimwambia jirani kwamba anamsaidia shemeji yake, akazitoa erika zote kwenye makopo na kuzihamishia kwenye madebe makubwa mazuri, na udongo akautengeneza mwenyewe. Niliporudi nilizikuta zimekuwa rangi ya majani ya chai yaliyokwisha chemshwa. Hakusubiri hata nikulaze kitandani. Alikwisha ita ukoo mzima sebuleni, na alikuwa amesimama katikati anasema kwa huzuni kwamba nyumba ya mwanamke peke yake haistawishi kitu, hata majani yamekataa, mtoto mgonjwa, na ingefaa nirudi kwa watu wangu, yeye atawalea nyinyi na kutunza mali.

Nilikwenda uani, nikaburuta debe moja hadi sebuleni, nikalipindua juu ya zulia mbele ya wakubwa. Likatoka jiwe. Jiwe zima lenye umbo la debe, na erika imesimama katikati yake, imekaukia humo. Alikuwa amechanganya chokaa na vumbi lililofagiwa ghalani kwake, saruji tupu, akamwagia maji. Nikaligonga kwa mkasi wangu mkubwa wa kukatia nguo, likalia kama ngazi ya zege. Ukoo ukamwangalia. Mnajua alisema nini? Alisema, "Nilitaka isimame imara, shemeji."

Shangazi yenu mkubwa alicheka mpaka akakohoa, akapigwa mgongo, akaanza tena, na wote wakamfuata. Si haki yangu iliyoniokolea uwanja siku ile, ni kicheko kile. Watu walikuwa tayari kabisa kuniona nikifukuzwa, ila hawakuweza kukaa upande wa mtu waliyemcheka. Wanaukoo hao nao niliwajua siku ile, na sijawasahau.

Ulibaki mmea mmoja tu, uliokuwa dirishani kando ya cherehani yangu, hakuuona. Hizi zote mnazozishika ni matawi ya ule. Zinataka udongo mchachu, majani ya msonobari yaliyooza na mboji ya majani, bila chembe ya chokaa. Wala msizimwagilie maji ya bomba. Angalieni birika letu lilivyojaa ukoko mweupe, huo ukoko ndio unaoziua. Maji yake ni ya mvua, yale ya pipani.

Sasa tufike jana.

Jana baba yenu mdogo, ambaye alikuwa hajakanyaga hapa tangu siku ya jiwe, aliingia na mfuko wa machungwa na hivi vyungu vinavyong'aa. Amezeeka, anatembea kama anakanyaga mayai, lakini macho ni yaleyale, yalipita juu ya kitanda changu yakaenda uani. Akaniambia, "Usijali, shemeji, na vijana tumeshaelewana." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayenifunika shuka.

Usiinue kichwa, mheshimiwa, endelea na mizizi. Sitaki unieleze. Umekwenda kukaa kwenye ofisi yake, ukanywa soda yake, ukaahidi uwanja wa mama yako angali anapumua. Siku ile ya madebe wewe ndiye uliyemshikia ndoo, kwa biskuti, nami sikukulaumu maana ulikuwa mtoto. Leo una ndevu, na bado biskuti inakutosha. Na wewe binti, usijifute machozi kwa mikono yenye udongo, utaingia machoni. Wewe hukuahidi kitu, najua. Ulijua tu, ukanyamaza, ukaja kila siku kunipimia homa na kuniuliza kama nataka uji. Kaka yako ni mroho, na mroho humwona anakuja. Kimya chako kimeniuma zaidi.

Pindua hicho chungu kinachong'aa. Kina tundu chini? Nilijua. Hakuna hata kimoja chenye tundu. Mtu huyu amezeeka bila kujifunza lolote. Chukueni msumari na nyundo, vitoboeni, polepole visipasuke, kisha wekeni vigae chini ndipo udongo. Ndiyo, tutavitumia. Chungu hakina kosa.

Na haya ndiyo maneno yangu ya mwisho juu ya mali, na mwanasheria aliyekuja asubuhi, mliyemdhani mpima damu, anayo, yameandikwa kwa mkono wangu. Nyumba na uwanja nimewapa wote wawili pamoja, haugawanyiki, wala hauuzwi mpaka wote wawili mkubali siku moja, mbele ya mtu mmoja. Sikufanya hivyo kwa sababu mnapendana. Nimefanya hivyo kwa sababu hamwaminiani. Kaka hataamini bei ya dada, dada hataamini hesabu ya kaka, na katika kuchunguzana huko uwanja utabaki salama kuliko ningeujengea ukuta. Labda siku moja mtakaa hapa mkibishana mpaka mchoke, mtazungumza mengine. Sitegemei. Natamani tu.

Cherehani apewe yule fundi wa kona, yeye anaiheshimu. Mkasi nizikeni nao, yaani mniwekee, mkono wangu umeuzoea. Kila mwaka maua yakinyauka pogoeni ncha za kijani tu, msikate tawi kavu la ndani, halichipui tena. Na erika moja, nzuri kuliko zote, mpelekeeni baba yenu mdogo kwenye chungu chake mwenyewe, chenye tundu na udongo unaotakiwa. Asije akasema nimemsamehe. Nataka aione kila asubuhi akifungua dirisha.

Niinueni kidogo. Mto... hapo. Hapana, maji sitaki, hayo ni ya mimea.

Njooni niwaguse. Udongo hauna neno, nipeni mikono hivyo hivyo. Mmekuwa watoto wa kuchosha. Nilipowazaa nilitegemea watu wengine kabisa, sijui nani. Ila ni nyinyi mliokuja, na ni nyinyi niliowabeba, na sikuwahi kuwaombea baya hata siku niliyowachoka. Mungu awape miili yenye afya. Awape usingizi. Awape watoto watakaowakera kama mlivyonikera, na muwapende hivyo hivyo. Mikono yenu iwe... iwe na kazi. Nimewabariki. Wote wawili, sawa kwa sawa, bila kuzidishiana.

Sasa mwagilieni. Polepole, pembeni ya chungu, si juu ya majani. Mpe dada yako kata, usishike peke yako. Hivyo.

Endeleeni... mpaka yatoke chini.

Mimi sioni vizuri. Niambieni.

Yametoka?

Haya. Basi.