Ukuta Umetoka Vizuri

Kaeni karibu, wanangu, na wewe Shumbana acha kuniamkia, umeshanipa shikamoo tatu tangu ushuke kwenye lori la Bashay, na pumzi ya kuitikia marahaba mimi naiweka akiba, kwa sababu nina maneno ambayo nikiyabakiza yatanikaa kifuani hata huko niendako. Abdulrahmani, funga duka. Anayetaka sukari asubiri. Baba yako hafi kila siku.

Mimi si mzee. Nina miaka arobaini na nane na meno yangu yote, na nimefika mahali ambapo watu wa Dongobesh hawajapaota: Nairobi, Mombasa, Kolombo, misitu ya Burma ambako mvua inakunyeshea mpaka unasahau rangi ya miguu yako. Vitani nilikuwa mpishi, sikumpiga mtu risasi hata moja, na waliokula chakula changu ndio peke yao wenye haki ya kunilaumu. Nilirudi mwaka wa arobaini na sita na koti la jeshi, kofia pana, na kamera ya boksi niliyoinunua Kolombo kwa Msingala mmoja, mwenyeji wa huko, aliyenifundisha kwa vidole: ishike tumboni, chungulia juu, bonyeza, basi. Kwa elimu hiyo ya dakika tano nikajiita mpiga picha.

Duka na shamba vigawanywe kama sheria yetu inavyosema. Shehe atawasomea, na msigombane mbele yake. Lakini kamera haimo kwenye mirathi. Kamera naitoa leo, nikiwa hai, kwa mkono wangu mwenyewe, na kabla sijaitoa lazima niwaambie nilichoifanyia.

Mnaujua ule ukuta wa mbele ya duka. Kila Idd niliupaka chokaa mpya, na hapakuwa na ukuta mweupe kama ule kutoka hapa mpaka Masieda, nami kwa kuringa nikawa namsimamisha kila mtu pale pale. Watu walifika asubuhi wameoga, wamejipaka mafuta, nikawaambia wasubiri jua lifike utosini kwa sababu Msingala alisema jua ndiyo picha yenyewe, kisha nikawavika koti langu na kofia yangu, mmoja baada ya mwingine, wanaume kwa wanawake, wanene kwa wembamba. Atakayezikusanya picha zangu zote atadhani hapa lilipita jeshi moja la watu wasio na macho. Maana nyuso hazikuonekana, wanangu. Kofia iliwaweka giza usoni, ukuta ukawaka nyuma yao, likabaki koti tu limesimama. Filamu ilikwenda na lori kusafishwa Arusha, ikarudi baada ya wiki tatu, nami nikaifungua bahasha barazani mbele ya watu wote, na wote wakasema, "Nzuri sana, Mzee Tawakali! Nzuri mno!" Mtu ameshika picha yake mwenyewe, hajui kama ni yeye au ni shemeji yake, naye anasema nzuri. Walinidanganya kwa adabu miaka kumi, nami nilikuwa mjinga wa kushukuru. Na wewe, Abdulrahmani, hujaniambia neno baya hata siku moja, na hilo ndilo neno baya ninalokuambia leo.

Mtu mmoja tu aliniambia. Mnamkumbuka Gidabuday, mfugaji wa kule tambarare chini ya mlima Hanang, rafiki yangu tangu kabla ya vita, aliyekuwa akileta ng'ombe mnadani na kulala kwetu. Alimleta mama yake nimpige picha. Mama wa watu ametembea siku mbili, amevaa vazi lake la ngozi na shaba zinang'aa shingoni, amejipamba kwa siku hiyo moja, nami nikamfunika koti la jeshi mpaka kidevuni. Picha iliporudi Gidabuday aliishika, akaigeuza, akaenda nayo kivulini, akarudi akasema, "Tawakali, ukuta umetoka vizuri. Mama yangu yuko wapi?"

Baraza zima lilicheka. Hapo ndipo nilipoziba masikio, na hapo ndipo yeye alipoanza kunisaidia, kwa sababu hakuishia kwenye kicheko. Aliniambia taratibu, "Sisi mnadani ng'ombe hatumtazami kwenye mwanga mkali. Tunamsogeza kivulini, halafu tunamtazama macho. Mvue mama hili koti, mweke hapa chini ya paa, upige tena. Nitamleta tena." Sikilizeni hilo neno: nitamleta tena. Siku mbili za mwendo, kwa ajili yangu. Nami nikamjibu kwamba nimevuka bahari, sifundishwi picha na mchunga ng'ombe, arudi kwake akanuke maziwa. Alichukua fimbo yake, akaiacha picha kwenye benchi, na mpaka leo siku ya mnada anapita njia ya nyuma.

Shumbana, usiutazame ukuta. Nitazame mimi. Najua tumefika kwenye sehemu yako. Nipeni maji kwanza.

Ulikuwa na miaka kumi na minne, umesimama nyuma ya mlango, ukayasikia yote. Baada ya mwezi nikaenda Mbulu, kamera ikabaki na nafasi ya picha moja. Mama yenu Mariamu alikuwa amekaa mlangoni kwa jikoni anamenya boga, kivulini, kanga imemteleza kisogoni, nawe ukaiegemeza kamera juu ya debe na kuliacha jicho lake wazi mpaka ukahesabu mbili, jambo ambalo mimi sikujua hata kama linawezekana. Bahasha ikarudi. Nikaifungua barazani kama kawaida, na kati ya makoti yangu akatokea Mariamu. Mariamu mwenyewe, anacheka, mbegu za boga zimemganda vidoleni, na macho yake, wanangu, macho yake yako pale yananitazama. Sikuwahi kupiga picha kama ile, na nilijua papo hapo kwamba sitapiga.

Nikatafuta kosa. Nikaliona. Nikainua picha juu nikapaza sauti, "Jamani, binti yangu amemkata mama yake miguu! Mariamu, kesho kisimani utakwenda na nini?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, maana kwa mzaha mimi sina mpinzani. Mariamu peke yake hakucheka. Alinyoosha mkono akasema, "Huyu ni mimi. Nipe." Nikaichana vipande vinne. Aliponiomba nikaisafishe nyingine, nikamwambia ile filamu imeungua. Masika yaliyofuata akapata homa ya siku nne, tukamzika.

Kwa hiyo wewe, Abdulrahmani, uliyekuwa na miaka tisa, umekua ukiwaonyesha wateja ile picha ya koti niliyompiga Mariamu ukutani, iliyotundikwa juu ya mzani, na kuwaambia huyu ndiye mama yangu. Nilikuwa nakusikia. Nilikuwa napima chumvi tu.

Filamu haikuungua. Ingiza mkono chini ya godoro, Shumbana, upande wa ukutani, ndani ya kopo la chai. Taratibu, shika pembeni. Miaka minane nimekuwa nakitoa hicho kipande na kukielekeza dirishani, peke yangu kama mwizi, na kwa kuwa filamu hugeuza kila kitu, nimemwona mama yako mwenye nywele nyeupe na meno meusi, nikamwona amezeeka, jambo ambalo yeye hakulipata. Ningeweza kukituma Arusha wiki yoyote. Lakini picha ingerudi, nanyi mngeona kwamba mchunga ng'ombe alikuwa sahihi na mtoto alimwelewa, na mimi msafiri wa Burma sikuelewa. Nikaona afadhali mkose uso wa mama yenu. Hilo ndilo nililolitenda. Lipimeni wenyewe, msinipimie kwa adabu.

Basi mtu akikuletea picha yake, itazame kwanza mpaka uchoke kabla hujafungua mdomo. Mwambie umeona nini, halafu mwambie asogee wapi, na umwambie mkiwa wawili, si mbele ya watu wanaosubiri kucheka. Na wewe ukiambiwa, usimweleze habari za jua wala za Kolombo. Nenda ukapige tena. Mimi Gidabuday alinipa yote hayo, kosa lake moja tu ni kwamba alisema mbele ya watu, nami nikalishika hilo moja nikamtupia urafiki wote.

Hicho kipande kisafishwe, picha mbili, moja kwa kila mmoja wenu, ikae ndani, siyo dukani. Ile picha ya koti ishusheni. Kisha nendeni wote wawili mpaka kwa Gidabuday, kwa miguu, mmwamkie vizuri, mmwambie Tawakali amesema: mama yako sikumwona. Na kama bibi yule bado yu hai, Shumbana, mpige. Kivulini. Na shaba zake.

Kamera hiyo, chukua. Ni yako mbele ya ndugu yako. Imo filamu mpya, nilimwagiza dereva. Nini? Huitaki? Unayo haki... una haki hiyo, mwanangu. Ishike tu. Ishike kwanza.

Nibebeni. Mlangoni kwa jikoni, pale alipokaa. Nivueni hili shati la shughuli, mniache na fulana. Abdulrahmani, lete debe. Hapo. Ah, baridi nzuri hapa... sikuwahi kukaa hapa.

Mungu awape macho ya kuona. Awape na mtu wa kuwaambia ukweli, na siku hiyo awalainishie masikio kuliko alivyonilainishia mimi. Awarehemu... amrehemu Mariamu. Awaweke pamoja. Semeni amina, kwa sauti, mimi sisikii vizuri.

Shumbana, sogeza debe kidogo kush... La. Nimenyamaza. Wewe ndiye unayeona.

Miguu ikate tu, mwanangu. Hesabu.