Aligusa, Akaenda: Maisha ya Nahodha Jabez Wakelin

Marehemu babu yetu Jabez alizaliwa Heybridge, Uingereza, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Maldon, tarehe 9 Machi 1936, mtoto wa nne wa Nahodha Enoch na Bi Thirza Wakelin.

Alisoma hapo hapo hadi alipotimiza miaka kumi na mitano. Mwalimu aliandika kwamba kichwa cha kijana huyu kilikuwa mtoni kila siku. Baba yake akajibu, "Basi na miguu iende huko." Akapandishwa kwenye tishari la matanga la familia, *Susannah*, kupeleka ngano London.

Huko ndiko alikolipata neno lake, "gusa uende". Tishari lina kitako bapa. Maji yakipwa, nahodha shupavu hukata juu ya fungu la tope badala ya kulizunguka. Chombo kinaligusa tope, kinakwaruza, lakini kinaendelea. Watu wa nchi kavu hulisema neno hilo mtu akiwa hoi, hajulikani atapona au la. Babu alilisema akicheka.

Kwenye mashindano ya matishari ya mwaka 1961 wenzake wote walizunguka fungu. Yeye alikata.

"Nahodha, tumekwama!" alipiga kelele Sid Pudney, msaidizi wake.

"Umesikia kugusa tu, mwoga wewe. Kwenda kunakuja."

Wakashinda. Tarehe 2 Juni 1962 alimwoa Olive, dada yake Sid, wakajaliwa Hilda na Wilfred.

Oktoba 2022 moyo ulimlaza hospitali. Mimi mjukuu wake Nell nilikuwa na mimba ya miezi mitatu, naye alikuwa ameapa kumpakata mtoto huyo. Daktari akatuambia taratibu, "Hali ni gusa uende." Tukalia wote. Babu akafungua jicho moja, akamtazama daktari.

"Binti, neno hilo ni letu. Maana yake chombo kinakwenda."

"Nisamehe, Nahodha."

"Nitakusamehe Krismasi, nikiwa kwangu."

Krismasi alikula bata mezani kwake, akaomba aongezewe. Aprili alimpakata mwanangu Thirza. Kiangazi cha mwaka huu alimshikisha usukani wa *Susannah* kwa kiganja chake kidogo.

Alifariki nyumbani tarehe 3 Septemba 2024, saa tatu asubuhi, chai yake ikiwa nusu kikombe, maji ya mto yakianza kupwa.

Ameacha mjane, Bibi Olive, watoto wawili, wajukuu watano na kitukuu mmoja, aliyemwahi.

Umegusa, Babu. Nenda sasa, ukapumzike kwa amani.