Sahani ya Maureen

Sikilizeni, wanangu, na wewe Dulla zima hiyo redio, kwa maana pumzi niliyobaki nayo si ya kushindana na mtangazaji. Kidawa, kaa hapa miguuni pangu nikuone uso. Daktari amekwisha kusema aliyoyasema, nanyi mmekwisha kulia, sasa naomba nisikilizwe nikiwa bado naweza kuyapanga maneno, kwani leo tangu swala ya Ijumaa nimejisikia mwepesi, na wepesi wa namna hii sidhani kama utarudi tena.

Mimi Pandu bin Haji, kwa akili zangu timamu, nasema sidai mtu wala sidaiwi. Nyumba hii ya Chatsworth, hapa Durban, sheikh ataigawa kwa mafungu ya dini, nami sina la kuongeza juu ya kumiliki. Langu ni juu ya kukaa. Isiuzwe maadamu mmoja wenu anahitaji pa kulala. Jezi yangu iliyo kabatini apewe Lyse, binti yako Dulla, aivae akitaka hata kwenye mazoezi kule Umbilo, asiiweke kwenye kioo. Hayo ndiyo ya mali, yameisha. Ninalotaka kuwausia hasa ni jingine, na ili mlielewe lazima niwarudishe mahali ambapo sikuwahi kuwapeleka vizuri.

Mnajua nilicheza mpira Uingereza. Majirani wakisikia hivyo hudhani nilicheza kwenye viwanja vile vya kwenye televisheni, nami nimewaacha wadhani. Nilicheza daraja la nne, Kelthorpe Town, mji wa viwanda vya nguo huko kaskazini, mvua asubuhi na mvua jioni, na uwanja wetu ulikuwa umeinama hata kipindi cha pili tukawa kama watu wanaopanda mlima. Nilikuwa kiungo. Kazi ya kiungo ni kumpokonya mpira mwenye nao na kumpa mwenzako aliye mahali pazuri, na ukiifanya sawasawa watu wanarudi nyumbani wakimsifu mwingine. Niliipenda kazi ile, wanangu. Mpaka leo nikifumba macho naisikia miguu yangu ikiitafuta nafasi.

Nilifika Kelthorpe kijana wa miaka kumi na saba. Mama yangu, aliyenitoa Unguja mtoto baada ya Mapinduzi, alibaki Portsmouth, kusini kabisa, na klabu ikanipeleka kukaa kwa Bi Edith, mjane wa Kizungu, mtu wa kanisa, aliyepangisha chumba kwa vijana wa timu. Siku ya kwanza alinipikia nyama ya nguruwe nami nikala mkate mtupu. Hakuuliza kitu mbele ya wenzangu. Kesho yake aliniuliza tukiwa wawili, nikamwambia, na tangu hapo nguruwe hakuingia tena jikoni mwake miaka yote niliyokaa pale. Ramadhani ikifika alikuwa akiketi nami mezani, sahani yake haijaguswa, tukilingoja jua lizame nyuma ya mabomba ya viwanda.

Alikuwa na binti mmoja, Maureen, aliyeolewa mji wa jirani. Maureen aliposikia kwamba katika chumba chake cha utotoni analala kijana mweusi, alimwambia mamake hatakanyaga pale mpaka niondoke. Bi Edith akamjibu kwamba chumba kina kitanda kimoja lakini meza ina viti sita. Basi. Kila Jumapili akitoka kanisani alimwekea Maureen sahani mezani, na alasiri anairudisha kabatini. Mimi nilitaka kuhama, nikamwambia. Akasema, "Ukihama, Pandu, nitakuwa nimewapoteza wawili."

Sasa, nyuma ya goli walikuwa wanaume wa mji wetu wenyewe, mashabiki wetu, ambao kila nikiugusa mpira walilia kama nyani. Sikumwambia Bi Edith, alilisikia buchani. Jumamosi iliyofuata mwanamke yule, ambaye hakuwahi kuingia uwanjani maishani mwake, alikuja na mwavuli na mkoba wake, akaacha viti vya wake za wachezaji, akaenda kusimama katikati ya wanaume wale. Kila walipoanza, naye alipaza sauti, "Vizuri, Pandu wetu!" Ni vigumu mtu mzima kulia kama nyani huku bega lake linagusana na mwanamke aliyemfundisha Biblia alipokuwa mdogo. Halikuisha siku ile, nisiwadanganye. Alirudi tena, na tena, kwenye mvua, mpaka akaugua kifua, na alipougua wale wanaume wakaniuliza mama yuko wapi. Hawakusema mama yako. Walisema mama.

Nipe maji, Kidawa. Kidogo tu.

Jina la Durban nililisikia kwa nahodha wetu. Ligi ikifungwa yeye alikuwa akija huku, enzi zile za ubaguzi wa makaburu, kuchezea klabu ya Wazungu, pwani, jua, maisha mazuri, akaniambia wananitaka na mimi, kibali kitatafutwa. Nikamuuliza, nitalala wapi? Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. Nikakataa. Miaka kadhaa baadaye, uwanja umeganda barafu, jamaa mmoja akanivunja mguu. Nilimsamehe hapo hapo, hakuwa mtu mbaya, alichelewa tu, mpira ulikuwa umeondoka na mguu wangu bado upo. Hospitali nikauguzwa na msichana aliyekuja kusomea uuguzi, mtu wa Durban, wa hawa Waislamu weusi wanaoitwa Wazanzibari, kwao walihamishwa kwa nguvu na serikali kutoka mtaa wa Bluff wakaletwa hapa Chatsworth. Nikamwambia kwa kujivuna kwamba Durban niliikataa. Akaendelea kufunga bendeji. Akasema, "Ulifanya vizuri kuwakataa wale. Lakini Durban ni sisi, na sisi hujatuona bado." Huyo ndiye mama yenu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilirudi uwanjani msimu mmoja, mguu ukakataa, nikaacha, wala sikuumia roho kama watu walivyodhani, kwa sababu nyumbani alikuwapo yeye, na punde mkawapo ninyi.

Bi Edith alifariki mwaka ule kabla hatujahamia huku. Tulikwenda kumzika. Watu walijaa nyumba, na Maureen akaja, mara ya kwanza baada ya miaka yote ile, maana hata nilipooa nikahama hakurudi, nywele zimeanza mvi. Akaingia jikoni kuwatengenezea watu chai. Nikamwona anafungua kabati moja, anafunga, anafungua la pili, anafunga. Nikaenda nikavitoa vikombe kwenye droo ya chini, palepale vilipokuwa sikuzote, nikavipanga mezani. Akaishika ile meza kwa mikono miwili. Akaniambia, "Nyumba ya mama yangu, na vikombe sijui vinakaa wapi." Hakulia kwa ajili ya kifo, wanangu, alilia kwa ajili ya hilo. Mama yenu akamfuta uso, kisha tukaviosha vikombe sote watatu mpaka watu wakaisha. Tangu siku ile sijawahi kumwombea mtu yeyote kwa huruma kama nilivyomwombea Maureen.

Kidawa, mwanangu. Usiangalie chini, niangalie.

Ndugu yako alioa alikopenda. Mkewe Antoinette ni Mkristo, ni Mkongo, ana saluni yake Umbilo Road, na Kiswahili chake si chako. Akisema "Papa, chai iko," wewe unamsahihisha mbele ya wageni. Siku tulipomzika mama yenu alisimama getini na kitenge chake kichwani tangu asubuhi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ingia, na wewe ulimwona. Dulla naye, kwa hasira, akaacha kukuita dada. Mimi nimewaona wote wawili mkija kwangu kwa zamu, mmoja akiingia mwingine anatoka, kama watu wa zamu kiwandani. Miezi hii niliyoshindwa hata kujigeuza, nani amekuwa akininyoa? Nani amenikata kucha? Juzi nilipoogopa, maana hata mimi naogopa, alinishika kichwa akasema, "Papa, mimi iko hapa." Nikalala. Kiswahili kile kilinitosha.

Sikulaumu, binti yangu. Wewe umenilinda kwa namna yako, na najua ulivyompenda mama yako ndivyo ulivyoshindwa kumwona mwanamke mwingine jikoni mwake. Ila sitaki siku moja usimame nyumbani kwa ndugu yako kama mgeni, ukiwa umechelewa.

Basi shikeni haya. Dulla, wewe na wanaume wa msikitini mtaniogesha. Nizikeni kando ya mama yenu, bila hotuba za mpira. Siku hiyo Antoinette awe ndani, akae na wanawake, awapokee watu pamoja nawe Kidawa, na atakayeuliza huyu ni nani, wewe ndiye utakayejibu. Dulla, mwite dada yako kwa jina lake la dada. Anza leo. Msingoje mimi niondoke, nataka nisikie.

Antoinette... mwanangu, toka huko jikoni. Acha sufuria. Njoo.

Mpishe, Kidawa... hapo kitandani panatosha watu wawili, yeye ni mwembamba.

Pumzi inaniishia... ngojeni. Mungu awaweke. Awape watoto wasikizi, na uzee usio na upweke... Awafungulie mlango kila mtakapobisha. Mimi niko radhi nanyi, nyote, mbele na nyuma... radhi bila masharti.

Nani huyo amenishika mguu... mkono huu ni wa nani, na huu juu yake?

Hamna haja ya kusema. Nimeona umesogea, Kidawa.

Kaeni hivyo hivyo... kaeni.